SKUTA INAGONGA NYUMA? USIKIMBILIE KUKAZA SPRINGI!



Juzi dogo mmoja wa mtaani kwetu hapa Unguja kala mweleka na skuta, nyuma kampakia mdogo wake wa kike. Kapita shimo kwenye kona, mkia ukaruka mara ya kwanza, ukaruka tena, huyo mtaroni. Wametoka na michubuko tu, Mungu mkubwa.

Kisa ni nini? Skuta ilikuwa inagonga nyuma, fundi akasema "springi imelegea", akaikaza mpaka mwisho. Kumbe tatizo halikuwa springi.

Tuelewane hapa. Shokapu ya nyuma ina kazi mbili. Springi inabeba uzito. Ndani kuna bomba la oili inayojipenyeza kwenye vitundu vidogo, na hiyo ndiyo inaituliza springi isirukeruke. Ile pete yenye ngazi kwenye ncha ya springi inagusa kazi ya kwanza tu. Wengi wanadhani inaifanya springi iwe ngumu. Hapana, inaibana mapema ili mkia ukae juu zaidi. Oili ikishavuja, kaza mpaka kesho, skuta itakurusha tu.

Kwa hiyo fuata hivi:

1. Kandamiza mkia kwa nguvu, halafu achia. Ukipanda na kutulia, safi. Ukidunda mara mbili tatu, au ukiona oili kwenye fimbo ya shokapu, hiyo imekufa, nunua nyingine. Sisi wa pwani chumvi inaotesha kutu kwenye fimbo, kutu inakata sili.

2. Angalia upepo wa tairi likiwa baridi, kwa kipimo cha kitabu cha skuta yako.

3. Inua bodi mpaka gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka nati ya gurudumu mpaka alama kwenye bodi, juu yake moja kwa moja. Kisha ishushe, kaa na mzigo wako wa kila siku, rafiki apime tena. Tofauti ndiyo kuzama. Skuta nyingi gurudumu la nyuma lina mwendo wa kama sentimita 8 hadi 10, hivyo kuzama sentimita 2.5 hadi 3 kunatosha. Ikizama zaidi, panda ngazi. Ikizama kidogo mno, shuka.

4. Simamisha kwenye stendi, subiri ekzosi ipoe, sugua mchanga kwenye pete. Zungusha kwa spana yenye ndoano, ngazi moja moja. Nyundo na bisibisi weka pembeni, vinateleza na kuharibu pete, na vidole pia! Kama zipo shokapu mbili, kama Vespa GTS yenye ngazi 4, zote ziwe ngazi ileile. Vespa za zamani kama PX zina moja tu, na ile ya kiwandani haina pete, usihangaike kuitafuta.

5. Jaribu barabara ileile uliyoizoea. Abiria akishuka na hutapakia tena, rudisha ngazi yako.

Kwa nini ujisumbue? Mkia ukizama sana mbele kunakuwa kwepesi, usukani unapoteza mshiko, na usiku taa inawapiga machoni wanaokuja. Ukikaza kupita kiasi ukiwa peke yako, tairi linaruka kila shimo, na tairi lililo hewani halishiki breki.

La mwisho: shokapu usiifungue nyumbani. Springi imebanwa, na nyingine zina gesi ya presha. Inaweza kukutoa jicho.

Dogo kashanunua shokapu mpya, pete ipo ngazi ya pili, na mdogo wake kakubali kupanda tena.

Fundi mwenye mawazo tofauti, dondosha maoni hapo chini, tuelimishane.