Fedha Kidogo na Gari Moja: Kipi Kitangulie?



Wengi wenu mnaikumbuka siku ile ya msimu uliopita ilipokwama gari yetu katika kilima kimoja baina ya Mkoani na Mtambile, nayo imechukua gunia kumi na nne za karafuu mbichi. Ilikuwa saa kumi na moja za jioni, mvua inanyesha, na mvuke unatoka chini ya boneti kama sufuria ya wali wa arusi. Dereva wetu alisimama njiani akitafuta gari ya kumvuta, asiipate mpaka asubuhi ya pili, maana wakati wa mchumo kila gari ina mzigo wake. Karafuu zikalala guniani usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata. Kila mwenye shamba ajua karafuu mbichi iliyorundikwa hufanyaje: hupata moto, huvunda, na hata ukija kuianika kwa jua kali hutoka nyeupe nyeupe, imekunjamana, haina mafuta. Gunia zile hazikupata daraja waliyoitarajia wenyewe, na wenyewe walikuwa na haki ya kukasirika.

Katika mkutano uliofuata yalisemwa mengi juu ya dereva. Nataka niandike hapa, isomwe na kila mwanachama, kwamba dereva hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la Katibu, yaani mimi niandikaye khabari hii.

Miezi mitatu kabla ya msimu fundi alinipa karatasi ya mambo manne: mabomba mawili ya rejeta, dawa ya rejeta, oili ya injini na filta yake, na mafuta ya breki. Katika kasha la Chama palikuwa na shilingi laki moja na themanini elfu. Nikatazama gari, nikaona inatembea vizuri. Nikatazama bodi, nikaona rangi imebabuka na jina la Chama halisomeki, na baadhi yenu mlikuwa mmekwisha kuniambia kuwa gari ile yatuaibisha. Basi nikanunua rangi na turubali jipya, na baki nikanunua oili. Mabomba nikasema yatangoja. Dawa ya rejeta nikasema ni mambo ya nchi za barafu, sisi Pemba tuna baridi gani? Nikamwambia dereva atie maji ya kisima.

Gari ikapendeza. Na bomba la juu likapasuka pale kilimani, maji yakamwagika yote, na kabla dereva hajapata pa kuegesha gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekwisha kuungua. Hedi ikapelekwa kuchongwa, gasketi ikanunuliwa, rejeta ikafumuliwa na kuzibuliwa. Kwa jumla tulilipa zaidi ya mara nne ya fedha zile nilizokuwa nazo kashani, bila ya kuhisabu khasara ya karafuu. Mshika Fedha anayo hisabu, na kila mwanachama anaweza kuitazama.

Tangu siku ile nimekaa sana na mafundi, nimewauliza maswali mpaka wakanichoka. Nimeona yafaa kuwapa wenzangu niliyoyapata, kwa kuwa wengi wenu mna gari zenu, pikapu ya shamba au gari ya abiria, na sijapata kumwona mwanachama aliyekuwa na fedha za kufanya kila kitu kwa wakati mmoja. Suala letu sote ni moja: ikiwa fedha hazitoshi, kipi kitangulie?

Mbele kabisa ni vile vinavyoweza kuua watu: breki, tairi na stelingi. Hapa hapana hisabu wala mashauri. Injini ikifa gari husimama. Breki zikifa gari haisimami. Lainingi na pedi zikiwa zimekwisha, oili na dawa zote zingoje. Tairi nayo, tazama ubavuni, mwisho wa herufi zinazoanza na DOT utaona tarakimu nne. Zikiwa 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba huuzwa zinang'ara kwa kupakwa weusi, lakini tarakimu zile hazipakwi, na kuzisoma ni bure.

Mafuta ya breki nayaweka hapa hapa, wala si pamoja na mafuta mengine, ingawa watu wengi huyasahau kwa kuwa hayaonekani kupungua. Mafuta haya, yale ya DOT 3 na DOT 4, yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya lazima istahamili moto wa digrii 205 kabla ya kuchemka, lakini ikisha kunywa maji kiasi cha asilimia tatu na kitu, kipimo kinachotakiwa hushuka mpaka digrii 140. Mafuta yakichemka ndani ya mabomba hutoka mvuke, na mvuke hauna nguvu ya kusukuma breki; pedali huzama mpaka chini. Mtu atasema, vilima vyetu si milima ya Usambara, breki hazipati moto namna ile. Kweli, lakini maji yale hufanya na kazi nyengine: huotesha kutu ndani ya silinda za magurudumu na masta silinda, na sisi tunaishi kisiwani, hewa yetu ni ya unyevu mwaka mzima. Kwa hiyo mafuta ya breki hayahisabiwi kwa kilomita, huhisabiwa kwa miaka. Gari ilale bandani au itembee, kila miaka miwili yabadilishwe yote. Nanyi msinunue kopo kubwa mkaliweka wazi kabatini kwa ajili ya mwakani, maana kopo lililofunguliwa hunywa unyevu vile vile. Nunueni dogo, litumike, liishe. Tena angalieni lisimwagikie bodi, kwani hula rangi, na mimi rangi ninaijua bei yake.

Baada ya hayo huja vile vinavyoua injini: maji ya rejeta, oili, na mkanda wa taimingi.

Juu ya maji ya rejeta nimekwisha kukiri ujinga wangu. Ile dawa kweli huzuia maji yasigande kwa barafu, lakini hiyo si kazi yake kwetu. Ndani yake mna vitu vya kuzuia kutu, na kutu ndiyo adui wa rejeta, pampu ya maji na hedi. Maji ya visima vyetu mengi yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Yakichemka kila siku chokaa huganda ndani ya vijibomba vya rejeta kama inavyoganda ndani ya birika. Fundi alipoifumua rejeta yetu alitoa ukoko wa kujaza kiganja. Ikiwa dawa mliyonunua ni ya kuchanganya wenyewe, changanyeni nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, kama yale ya betri. Yakikosekana hayo, maji ya mvua yaliyochujwa ni bora mara nyingi kuliko ya kisima. Mabomba ya mpira yabinyeni kwa mkono injini ikiwa baridi: lililokuwa gumu kama kuni, au laini kama ndizi mbivu, au lenye nyufa pale kwenye kibano, halingoji. Bomba moja ni fedha ndogo. Wala msifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto; maji yale yamo katika nguvu ya mvuke, hupita digrii mia bila kuchemka, na ukifungua humrukia mtu usoni. Na dawa iliyobaki isiwekwe chini, ina utamu na ni sumu kali. Watoto na mbuzi huidhania sherbeti.

Kisha oili. Hapa watu wana makosa mawili yanayopingana. Wako wanaoimwaga kila wakiiona nyeusi. Injini ya dizeli huifanya oili nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa, kwa sababu ya masizi, nao weusi huo si dalili ya kuharibika. Anayeibadilisha kwa ajili ya rangi anamtajirisha mwenye duka. Na wako wasioibadilisha kabisa, hutia juu tu inapopungua, wakasema imekwisha kuwa mpya. Injini kuukuu kama zetu, kwa oili ya kawaida, kilomita 5,000 au miezi sita ni kadiri ya haki. Si lazima oili ya bei ya juu kabisa. Lililo lazima ni kusoma kopo: herufi C baada ya neno API ni ya dizeli, herufi S ni ya petroli, na unene uwe ule ulioandikwa katika kitabu cha gari. Filta ibadilishwe pamoja na oili. Kuibakisha ya zamani ni kama kuoga ukavaa nguo ile ile.

Gari yetu hulala miezi mingi, kisha ukifika mchumo hufanya kazi usiku na mchana. Nimeamua kuwa fedha zikitosha kumwaga oili mara moja tu kwa mwaka, imwagwe kabla ya msimu. Wako mafundi wanaopendelea baada ya msimu, ili oili chafu isilale ndani ya injini, na hoja yao ina nguvu. Lakini mimi nimekwisha kuona gari ikifa kilimani, na sitaki kuiona tena. Lililo kubwa kuliko yote haya ni kupima. Oili iliyopungua huua injini upesi kuliko oili iliyochakaa. Dereva wetu sasa huvuta kile kijiti kila asubuhi kabla ya kuwasha, akaandika katika daftari, nami hutia sahihi kila Ijumaa.

Mkanda wa taimingi sio mafuta, lakini siwezi kuuacha. Injini nyingi za dizeli za Toyota zilizomo humu kisiwani, zile za 2L na 3L, zina mkanda wa mpira, nao una umri wake, aghalabu kilomita 100,000. Ukikatika, vali hugonga pistoni, na injini imekwisha. Haupigi kelele wala hautoi ishara. Tena sote tunanunua gari zilizokwisha kutumika ng'ambo, na kilomita za kwenye deshibodi anazijua aliyezirudisha nyuma. Kama hujui mkanda wako ulibadilishwa lini, hisabu kuwa haukubadilishwa, uanze kuweka fedha zake mbali na nyengine.

Oili ya giaboksi na ya difu hukaa muda mrefu, kilomita 40,000 au zaidi, basi fedha zikiwa chache hizi huweza kungoja, kwa sharti la kutazama kama zinavuja na kama zimepungua. Gari ikipita katika maji mengi, kama pale mabonde ya mpunga yanapojaa, fungueni skrubu ya difu mtazame: oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na haingoji tena. Mafuta ya stelingi ni kutazamwa na kuongezwa tu.

Vinavyobaki nyuma kabisa ni rangi, vitambaa vya viti, na vile vichupa vinavyouzwa kwamba vyaongeza nguvu ya injini. Nimewauliza mafundi watatu juu ya vichupa hivyo, na wote watatu walicheka.

Na yako mambo yasiyotaka fedha kabisa, nasi twayaacha kwa uvivu. Kumwaga maji yanayokusanyika chini ya filta ya dizeli. Kupima upepo wa tairi kabla ya mzigo, si baada yake. Kuosha chini ya gari kwa maji matamu kila inapotoka pwani. Kusafisha vichwa vya betri. Na oili chafu isimwagwe karibu na kisima wala mto; tunalo pipa nyuma ya ofisi, leteni.

Sasa shauri lililo mbele yetu. Kamati inapendekeza kwamba kila gunia litakalobebwa na gari ya Chama msimu ujao zitengwe shilingi mia mbili, ziwekwe katika kasha la peke yake, na zisitolewe ila kwa breki, rejeta, oili na mkanda, kwa sahihi mbili, ya Mshika Fedha na ya mmoja wa wajumbe. Katibu peke yake asiweze kuzitoa. Sharti hilo la mwisho nimeliomba mimi mwenyewe. Najua wako watakaosema kuwa gari imekwisha kutengenezwa, ya nini tena kutoa fedha? Waje mkutanoni walisema, na wale wenye gunia kumi na nne waje vile vile.

Gari itakuwa gereji siku mbili, Jumamosi na Jumapili ya mwisho kabla ya mchumo kuanza. Mwenye mzigo siku hizo atafute gari nyengine mapema, au amwone dereva kabla ya Ijumaa.