Gundi ya Bakteria Inayonyausha Migomba

Soma maandishi madogo kwenye chupa ya sosi ya dukani na huenda ukakutana na E415, yaani gundi ya zantani, inayozuia sosi isijitenge na maji. Gundi hiyo hutengenezwa na bakteria aitwaye Xanthomonas campestris, yule yule anayeozesha kabichi, jani likianza kugeuka njano kutoka ukingoni kwa umbo la herufi V. Mkemia Allene Jeanes na wenzake, katika maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani mjini Peoria, ndio walioigundua, na mwaka 1969 Marekani ikaruhusu itumike kwenye vyakula. Mlaji hana cha kuogopa. Anayestahili kuogopa ni mkulima.

Bakteria akiwa peke yake juu ya jani ni dhaifu: jua humkausha, mvua humwosha. Wakishikamana kwa wingi na kujifunika ute wao wenyewe huwa utando, na humo unyevu hubaki huku sumu ikipenya kwa shida. Kwa huyu wa kabichi ute una kazi nyingine ya hila zaidi. Zantani hunasa kalsiamu ambayo mmea huitumia kupashana habari za hatari ndani ya seli zake, hivyo mmea huchelewa kujihami. Nao bakteria hawakai utandoni milele. Kila mmoja hutoa kemikali kidogo. Wakiwa wengi kemikali hiyo hujaa, nao huanza kutoa kimeng'enya kinachovunja utando, kisha hutawanyika kwenda kushambulia kwingine.

Ndugu yake wa jamii hiyo hiyo ya Xanthomonas ndiye anayeleta mnyauko wa migomba, ambao wakulima wa Kagera nchini Tanzania wanauita unyanjano. Uliripotiwa Ethiopia mwaka 1968 kwenye ensete, mmea wa ukoo wa mgomba. Mwaka 2001 ulibainika Uganda, na ndani ya miaka kumi ulikuwa umeonekana pia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda, Tanzania, Kenya na Burundi. Majani hunyauka yakiwa ya njano, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukizipasua unakuta ndani zina madoa ya kahawia. Kata shina, subiri dakika chache, utaona ute wa njano ukichuruzika kwenye mkato. Ule si utomvu wa mgomba. Umejaa bakteria kwa mamilioni.

Ukishaufahamu ute huo, utaelewa kwa nini kupulizia dawa juu ya majani hakusaidii. Adui yuko ndani kabisa, kwenye mirija inayopandisha maji, na hakuna dawa ya dukani ya kuuponya mgomba ulioambukizwa. Kinachobaki ni kumfungia njia. Wadudu humchukua wanapozuru ua dume, ndiyo maana kayinja, ndizi ya pombe ya Uganda, iliteketea vibaya. Ua hilo huondolewa mara tu kichane cha mwisho kinapotokeza, na huvunjwa kwa mti wenye panda. Kisu kinapita mgomba hadi mgomba kikibeba ute. Mti wenye panda haukati.

Si kila bakteria mwenye gundi ni mwizi. Chini ya migomba hiyo hiyo mara nyingi hupandwa maharage, na mizizi yake hutoa kemikali zinazowaita bakteria waitwao raizobia. Hao nao hunata kwenye vinyweleo vya mizizi, lakini mmea wenyewe huwapokea, ukawajengea vifundo, ukawalisha sukari, nao wakaulipa kwa naitrojeni.

Tukirudi kwenye mnyauko, mwanzoni wakulima waliambiwa wang'oe shina zima pamoja na machipukizi yake yote. Ushauri huo ulikuwa mgumu mno, na sioni ajabu kwamba wengi hawakuufuata: nani ang'oe chakula cha familia kwa sababu ya mgomba mmoja? Baadaye watafiti waligundua kwamba bakteria hawafiki kila mara kwenye machipukizi yote ya shina moja. Siku hizi, Kivu Kusini huko Kongo ikiwa mfano, wakulima hukata mgomba ule unaoonyesha dalili tu, usawa wa ardhi, na kuiacha mingine. Kisha hurudi kukagua mara kwa mara, kwa kuwa chipukizi linaloonekana zima leo laweza kunyauka baada ya wiki kadhaa, na kabla ya kugusa mgomba mwingine panga hupitishwa motoni au huoshwa kwa dawa ya klorini.