Antoinette Lubaki, mama wa Bukama mwenye alichora mbele ya Pilipili

Bandugu, uliza mwanafunzi wa Likasi ao Lubumbashi akutajie muchoraji wa zamani wa Katanga. Atasema Pilipili, pengine Bela, wale wa Hangar ya Romain-Desfossés, Elisabethville, 1946. Ni vizuri. Lakini kuko mama moja mwenye alichora karibu miaka makumi mbili mbele yao, tena wa njia yetu hii ya reli: Antoinette Lubaki, wa Bukama, aliyezaliwa karibu na mwaka 1895.

Habari yenye inaandikwaka ni hii. Mwaka 1926, Georges Thiry, mutumishi wa serikali ya Wabelgiji, aliona pale Bukama nyumba zenye kuchorwa ku ukuta. Akapatia Albert Lubaki, muchongaji wa pembe za tembo, karatasi na rangi ya maji. Antoinette, muke wake, naye akachora: batu, wanyama, miti, bila kivuli, na nafasi nyeupe nyingi. Kazi zao zikafika kwa Gaston-Denys Périer, mutumishi wa wizara ya makoloni, na zikaonyeshwa Brussels 1929, Geneva 1930, Paris 1931.

Kisha, kimya. Mpaka 2015, maonyesho ya Beauté Congo ya Fondation Cartier, Paris, yakazirudisha mbele ya batu. Mwaka 2022 jina la Antoinette likafika hata Biennale ya Venice.

Sababu gani kusahauliwa hivi? Mimi niko mutu wa kilimo, njo maana ninaanza na udongo. Rangi za ukuta wa kijiji ni nguvu kuliko tunavyozania. Nyeupe ni pemba, ni kusema kaolini. Nyekundu na manjano ni udongo wenye chuma, na ile chuma imekwisha kushika kutu tangu zamani sana, jua haiiwezi tena. Nyeusi ni makala. Chenye kukosa ni gundi. Mvua ikianza mwezi wa 11, udongo unakunywa maji, unavimba, unabomoka, na picha inashuka nao. Kiangazi ikirudi, unapakaa upya. Kwa hiyo kazi ya ukuta inakufa kila mwaka, yenye kubaki ni ya karatasi tu, na karatasi ilitoka ku mukono wa mutu wa serikali. Mwenye hakupewa karatasi hayuko ndani ya historia, hata angechora namna gani. Na kwetu, kupakaa ukuta mara nyingi ni kazi ya bamama.

Tena kuko hii mambo ya jina. Ukisoma «Lubaki» tu, kichwa inaenda kwa Albert. Mi sipendi vile wanasema «muke wa Albert» halafu wananyamaza, sawa vile kazi yake imekwisha pale.

Huku Kapolowe nyumba za udongo zinapunguka, matofali ya kuchoma na simenti njo yenye kuingia. Nyinyi wenye kufanya staji vijijini, ile simu ya kupiga picha ya mahindi yenye ugonjwa inaweza kupiga na ukuta. Andikeni jina la mama mwenyewe, si «muke wa fulani», andikeni kijiji, mwezi, na fasi alichimba udongo. Na mwenye kuwa na jamaa Bukama aulize bazee kama kungali familia ya Lubaki pale, kisha atuambie.