Kuandika Usemi wa Kikantoni kwa Mashine

Mtu wa Hong Kong atakapo kusema kwamba fulani haji, na habari hiyo ameisikia tu kwa mwingine, husema: keoi5 m4 lai4 wo5. Tarakimu hizo ni alama za toni katika mfumo wa Jyutping, uliotolewa mwaka 1993 na Chama cha Isimu cha Hong Kong. Keoi5 ni "yeye", m4 ni kikanushi, lai4 ni "kuja". Ama wo5 ya mwisho, lugha nyingi hazina neno moja la kuifasiria, lakini Mswahili analo: ni "eti". Yaani, "Eti haji." Mtu huyo huyo akikaa kuandika habari ya gazeti, ataandika herufi ambazo zikisomwa kwa Kikantoni hutamkwa taa1 bat1 loi4, "yeye haji". Kila silabi imebadilika, na ile "eti" imepotea kabisa.

Hali hii yatokana na desturi ya kusema kwa namna moja na kuandika kwa nyingine. Maandishi yafundishwayo shuleni yafuata Kimandarini, hali usemi wa nyumbani na sokoni ni Kikantoni. Si kwamba Kikantoni hakiandikiki. Kina herufi zake, nazo huonekana katika matangazo ya biashara, katuni na barua za marafiki. Nyingi kati yake ziliingia kwa taabu katika kompyuta, hata serikali ya Hong Kong ikatoa mwaka 1999 orodha ya nyongeza yenye herufi 4,702, ambamo zimo pia herufi za majina ya watu na ya mahali.

Basi mashine ipewapo video ya Kikantoni ikaambiwa iandike yasemwayo, lipi litahesabiwa kuwa andiko sahihi? Swali hili laonekana dogo, lakini ndilo liamualo kazi yote.

Utaratibu wenyewe waweza kuelezwa kwa ufupi. Sauti hutengwa na picha, hupimwa mara 16,000 kwa kila sekunde, kisha hugeuzwa kuwa mchoro uonyeshao nguvu ya mawimbi ya juu na ya chini kila baada ya muda mdogo sana. Programu husoma mchoro huo na kukisia herufi moja baada ya nyingine, ikiongozwa na sauti na pia na herufi ilizokwisha kuandika. Haikufundishwa sarufi na mtu yeyote. Ilijifunza kwa kuonyeshwa sauti nyingi mno zilizoambatanishwa na maandishi. Programu iitwayo Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, ilifundishwa kwa saa 680,000 za namna hiyo zilizokusanywa kutoka intaneti.

Hapo ndipo penye hatari. Maandishi yapatikanayo kwa wingi pamoja na sauti ya Kikantoni ni yale ya chini ya picha katika sinema na televisheni, nayo aghalabu huandikwa kwa Kichina sanifu na kufupishwa ili mtazamaji awahi kuyasoma. Kwa hakika hayo ni tafsiri. Mashine iliyolelewa kwa tafsiri hujifunza kutafsiri, wala haina njia ya kujua kwamba iliambiwa inakili. Whisper hapo kwanza ilikiweka Kikantoni chini ya jina la Kichina tu; toleo la Novemba 2023 ndilo lililokipa alama yake yenyewe.

Matatizo ya sauti nayo yapo, ijapokuwa mashine huyamudu vizuri zaidi kuliko ambavyo mtu angedhani. Silabi si yaweza kuwa shairi, historia, mtihani, wakati, soko au jambo, kwa kufuata toni sita. Toni hizo hupimwa kwa kulinganisha: toni ya chini ya mwanamke yaweza kuwa juu kuliko toni ya juu ya mwanamume. Maneno ya jirani huondoa mashaka mengi. Tena wasemaji wengi hutamka lei5 badala ya nei5, "wewe", na o5 badala ya ngo5, "mimi". Herufi ni ile ile, kwa hiyo achunguzaye matamshi hatapata kitu katika andiko hilo hata likiwa halina kosa. Kiingereza nacho huingia na kutiwa katika sarufi ya wenyeji: neno happy hukatwa kichwa, kikanushi kikapachikwa kati, likawa swali hap m4 happy aa3, "umefurahi au hukufurahi?"

Kipimo kitumiwacho ni hesabu ya herufi zilizobadilishwa, zilizoachwa na zilizoongezwa, ikigawanywa kwa jumla ya herufi za andiko la mfano. Kwa kipimo hiki taa1 bat1 loi4 ni kosa la asilimia 100 mbele ya mfano wa usemi, na ni sahihi kabisa mbele ya mfano wa Kichina sanifu. Lililo baya zaidi ni kosa dogo. Katika maelezo ya herufi 100, mashine ikiangusha wo5 moja tu, kosa ni asilimia 1, na mpimaji ataisifu. Lakini shahidi aliyesema "eti haji" sasa ameandikwa kana kwamba ajua kwa yakini. Vijineno hivi vya mwisho wa sentensi, kama gwaa3 ya kukisia na me1 ya kuuliza kwa mshangao, ni vifupi na hutamkwa upesi, na ndivyo vinavyoponyoka kwa urahisi.

Mkusanyo uliorekodiwa Hong Kong kati ya 1997 na 1998, wenye maneno yapata 230,000 ya mazungumzo na ya redio, uliandikwa na watu kama ulivyosemwa, vijineno vikiwamo. Mbele ya saa 680,000 huo ni tone la maji. Lakini kwa kuipima mashine, tone hilo lina faida kuliko bahari ya maandishi ya sinema. Atakayetumia mashine kwa masimulizi ya wazee au kwa ushahidi hana budi kuihifadhi sauti pamoja na andiko, kila sentensi ikiwa na dakika na sekunde zake, na kumweka msikilizaji mzaliwa wa lugha hiyo arudie miisho ya sentensi kwa sikio.