Fimbo ya Milimita Nne

"Fundi, kamera imeingia ukungu."

Sista wa chumba cha upasuaji alinipigia saa moja asubuhi, nikiwa kwenye pantoni navuka kutoka Kigamboni kuja Feri.

"Ukungu wa nje au wa ndani, Sista?"

"Nimefuta mara tatu. Haufutiki."

"Basi ni wa ndani. Naomba usiichemshe tena. Ifunge kwenye taulo kavu, uiweke peke yake. Nakuja."

Nilipofika, mgonjwa alishavaa gauni la upasuaji, na goti lake la kulia lilishawekewa alama ya kalamu. Alikuwa kijana wa bodaboda. Walimwambia arudi nyumbani asubiri kupigiwa simu. Aliniona nimeshika mkoba wa vifaa, akaniuliza kama vile mimi ndiye daktari: "Kwani goti langu limepata tatizo gani jipya?"

Goti lake halikuwa na tatizo jipya. Kilichoharibika ni fimbo ya chuma yenye unene wa milimita 4, mfano wa mrija wa soda. Wagonjwa huiita kamera. Jina lake kamili ni athroskopu, nasi mafundi tunaita skopu tu. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuzishughulikia zinapougua, na leo nataka nieleze kwa nini zinaugua mapema kuliko inavyopasa.

Karakana yangu ni chumba kimoja ghorofani, hapa Kivukoni, dirisha linatazama maji. Skopu ikiletwa, kabla ya kugusa chombo chochote naiweka jichoni na kuielekeza ng'ambo ya Kigamboni. Skopu nyingi za goti zimekatwa ncha kwa mshazari wa digrii 30, kwa hiyo haitazami mbele moja kwa moja. Ukiisokota vidoleni bila kusogeza mkono, inakuzungusha: pantoni, mitumbwi ya wavuvi, meli zilizotia nanga, kisha pantoni tena. Ndani ya goti daktari hufanya vivyo hivyo. Anapitisha skopu kwenye tundu moja dogo na vifaa vya kukatia kwenye tundu lingine. Maji ya chumvi ya hospitali yanatanua nafasi, na picha inaonekana kwenye skrini. Goti halipasuliwi kwa kovu refu kama zamani, na mara nyingi mgonjwa huondoka mapema.

Picha ikiwa safi, duara lake huwa jeupe lenye ukingo mkali. Ukiona kivuli cha mwezi mchanga pembeni, huenda kuna kioo kimevunjika. Kisha naigeuza: naelekeza ncha kwenye mwanga na kutazama pale inapochomekwa waya wa taa. Hapo kuna nyuzi za kioo nyembamba kuliko unywele, nyingi mno, na kila uzi uliokatika unaonekana kama doa jeusi. Madoa yakizidi, daktari anafanya kazi gizani.

Safari ya kifaa hiki ni ndefu. Mwaka 1918 huko Tokyo, Profesa Kenji Takagi alichungulia goti la maiti kwa kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kibofu cha mkojo. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, aliendelea kuboresha muundo baada ya muundo, na mwaka 1962 alifanikiwa kuondoa kipande cha gegedu lililochanika ndani ya goti kwa njia hiyo. Lakini picha ya enzi zile ilikuwa hafifu. Aliyeiangaza ni Harold Hopkins, mwanafizikia wa Uingereza. Kabla yake bomba lilikuwa na vilenzi vidogo vilivyotenganishwa na nafasi ndefu za hewa. Hopkins aligeuza mpango huo: akajaza bomba kwa fimbo za kioo na kuacha hewa kidogo tu katikati yake. Mwanga mwingi zaidi ukapita. Karl Storz, mtengenezaji wa vifaa wa mji wa Tuttlingen, Ujerumani, akauchukua uvumbuzi huo na kuuingiza kiwandani. Hadi leo mji ule mdogo umejaa watengenezaji wa vifaa vya upasuaji.

Uzuri huohuo ndio udhaifu wake. Fimbo za kioo zimepangwa mstari mmoja ndani ya chuma chembamba. Ukikipinda kidogo tu, kioo kinapasuka. Skopu ikitoka kwenye mashine ya mvuke wa digrii 134 ikamwagiwa maji baridi ili ipoe haraka, viungio vyake vinashtuka na kuachia, na mvuke unapata njia ya kuingia. Kifaa cha kunyoa gegedu kikigusa ncha, kinachubua kioo cha mbele. Hapa Dar es Salaam tuna adui mwingine: maji ya visima vingi yana chumvi, na skopu ikisuuzwa nayo inabaki na utando mweupe. Wengine wanaukwangua kwa wembe. Nawaombeni, msikwangue.

Sasa nirudi kwenye ile skopu ya ukungu. Hospitali ile ilinunua mbili, zilizokwisha kutumika nje ya nchi, kwa bei iliyomfurahisha kila mtu kwenye kikao. Zilikuja zinang'aa. Nilipoiweka ile yenye ukungu chini ya kioo cha kukuzia nikaona, pale kioo cha mbele kinapokutana na chuma, mstari wa gundi iliyogeuka rangi ya chai. Mtu fulani, mahali fulani, aliwahi kuifungua na kuifunga kwa gundi isiyostahimili mvuke. Ilivumilia kuchemshwa mara chache, kisha ikaachia. Aliyeuza hakusema, na aliyenunua hakuuliza.

Hilo ndilo soko letu. Ukitaka mpya, wako mawakala mjini wanaowakilisha viwanda vya Ujerumani, Marekani, Uingereza, Japani na sasa China. Skopu mpya ya kiwanda chenye jina ni maelfu ya dola, na peke yake haifanyi kazi: inahitaji kichwa cha kamera, waya wa taa, taa yenyewe na pampu ya maji. Taa ya zenoni huchoka baada ya takriban saa 500, na balbu yake nayo ni ghali. Ukishindwa mpya, kuna zilizotumika. Hospitali za Ulaya na Marekani zinapobadilisha mitambo, za zamani huuzwa au hutolewa msaada. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walikusanya hesabu za vifaa tiba katika hospitali za nchi 16 zenye uwezo mdogo, wakakuta karibu 40 kati ya kila 100 havifanyi kazi. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya vifaa tiba, unaosisitiza kwamba kabla ya kupokea kifaa uhakikishe kuna mtu wa kukitumia, mtu wa kukitengeneza na vipuri.

Nani anatengeneza skopu hapa? Niseme ukweli wangu. Kupima, kusafisha, kutibu waya wa kamera na kubadilisha waya wa taa nafanya mwenyewe. Kufungua bomba na kupanga fimbo upya kunahitaji chumba kikavu kisicho na vumbi, ufungaji unaohimili mvuke, na meza ya kunyooshea picha. Nilipokuwa kijana niliwahi kuifungua moja kwa ujasiri mtupu. Nilirudisha fimbo moja kichwa chini miguu juu, na picha haikurudi tena. Aibu ile ndiyo iliyonifunza kusema "hii siiwezi". Kwa hiyo zinazohitaji kufunguliwa zinapelekwa nje. Zinakaa wiki, pengine miezi, na hati za forodha lazima zieleze wazi kwamba kifaa kimetoka kwa matengenezo na kitarudi.

Vijana wa kuifanya kazi hii tunao. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, mwendo mfupi tu kutoka hapa, inafundisha uhandisi wa vifaa tiba. Wanachokosa ni meza, vipuri na mlango wa kuingilia. Kiwanda kinapouza skopu nchini, mara nyingi kinauza bila mwongozo wa matengenezo. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inasimamia kifaa kinachoingia nchini, nayo hospitali ya umma hununua kwa zabuni. Ndani ya zabuni hiyohiyo hospitali inaweza kudai mambo matatu: mafunzo ya fundi wake, skopu ya akiba wakati nyingine inatengenezwa, na bei ya matengenezo iliyoandikwa kabla ya kusaini. Madai haya hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji fundi aitwe kwenye kikao kabla ya kununua, si baada ya kuharibika.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi saa Kariakoo, kibanda chake kilikuwa Mtaa wa Kongo. Kila saa aliyoifungua alichora ndani ya mfuniko, kwa ncha ya sindano, tarehe na alama yake. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza anamwandikia nani, maana mwenye saa haoni. Akanijibu, "Namwandikia fundi atakayekuja baada yangu." Alikuwa akifungua saa iliyopita mikono mitatu na kusoma maisha yake yote mle ndani: lini ilipakwa mafuta, lini ilibadilishwa springi, nani alikosea.

Skopu ile ya ukungu haikuwa na maandishi kama hayo. Ilitubidi kuisafirisha, na kijana wa bodaboda alisubiri wiki tisa. Goti lililochanika likitembelewa wiki tisa linaendelea kujisaga. Alipokuja kufanyiwa, daktari alikuta kazi kubwa kuliko ile aliyoitarajia mwanzo. Alipona, lakini wiki zile hakupaswa kuzipoteza.

Siku niliporudisha skopu, nilimpelekea Sista daftari la kawaida la kurasa 96, jalada gumu. Tukaliandika pamoja: namba ya skopu, siku iliyopokelewa, imechemshwa mara ngapi, nani aliishika, nani aliifungua na alifanya nini. Mwanzoni wenzake waliona ni kazi ya ziada. Mwezi uliopita alinipigia tena, nami nikiwa kwenye pantoni ileile.

"Fundi, ya pili imechemshwa mara 60 na mwanga umeanza kupungua. Bado haijazima. Niilete sasa?"

"Ilete, Sista. Na daftari pia."

Alikuja mwenyewe. Kasha la skopu alilikumbatia kwa mikono miwili, na daftari alilibana kwapani.