SIKU MBILI KANDO YA ZIWA: Mimi na Mama watoto kutoka Sebagoro hadi Kibiro

Katika ukurasa wetu wa familia tumezoea kuongea juu ya masomo ya watoto, chakula na magonjwa. Mwezi huu naomba ruhusa niongee juu ya kitu ambacho wengi wetu tumekisahau: mume na mke kutembea pamoja bila haraka. Nitawasimulia safari yangu na Mama watoto kwenye Ziwa Albert. Ilikuwa safari ya siku mbili tu, lakini ilifanya kazi ambayo miaka mingi ilishindwa kuifanya.

Sisi tulivuka ziwa hili mwaka 2018, wakati wa vita vya Djugu. Wengi wenu mlivuka miezi ile ile. Tulipanda mtumbwi usiku kule Tchomia, tukalala chini juu ya nyavu za wavuvi na watoto wanne chini ya pagne moja. Asubuhi tulishuka Sebagoro, nguo zimelowa, midomo imekauka. Kutoka siku ile Mama watoto hakushuka tena ziwani. Hapa Kyangwali tuko juu, ziwa liko chini ya mteremko, na siku hewa ikiwa safi unaliona linang'aa. Yeye akiliona, anageuza kichwa. Watoto wakiomba kwenda kuoga ziwani, jibu lilikuwa moja: "Hapana."

Sababu ya woga

Woga huo haukuanza 2018. Ulianza tarehe 22 mwezi wa tatu, 2014. Wazee wa hapa wanaikumbuka siku hiyo. Mtumbwi uliojaa wakimbizi wa Kyangwali waliokuwa wanarudi kwao Kongo ulizama katika ziwa hili, na zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao watoto. Dada mkubwa wa mke wangu alikuwa ndani. Sisi tulikuwa tunamngoja upande wa Tchomia na sufuria ya ugali jikoni. Hatukumpata hata wa kumzika.

Basi unaweza kujiuliza, mtu kama huyo alikubalije kupanda tena mtumbwi? Jibu ni chumvi. Mama watoto anauza chumvi na dagaa sokoni. Wanawake wenzake walimwambia kwamba chumvi ya Kibiro inapendwa sana, hasa na wenye ng'ombe, na kwamba ukiifuata mwenyewe kule kule inatengenezwa unapata faida. Kibiro iko kando ya ziwa, chini ya mlima mkali. Kwa barabara inabidi uzunguke kupitia Hoima, halafu uteremke mlima. Kwa maji unafuata tu ukingo.

Nilimwambia, "Mama, mimi nitakwenda, wewe baki na watoto."

Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne akasema, "Tutakwenda wote wawili. Lakini mchana, na bila kupoteza ukingo machoni."

Asubuhi ya kwanza

Tuliteremka na pikipiki kabla jua halijatoka. Pale Sebagoro tulipata mtumbwi mrefu wa mbao wenye moteri, unaopeleka bidhaa kijiji hadi kijiji. Nahodha alikuwa kijana mmoja Mualur anayeongea Kiswahili kizuri cha ziwani. Mke wangu hakumsalimia kwanza. Alihesabu watu, akahesabu mifuko, halafu akauliza, "Kijana wangu, jaketi za kuokolea ziko ngapi?"

"Ziko za kila mtu, mama. Na leo hatujazi."

Akavaa lake, akalifunga, akanifunga na mimi kama mtoto. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nahodha alituambia kwamba ziwa hili asubuhi limelala na mchana linaamka. Upepo ukianza kuvuma baada ya saa sita, mawimbi yanakuja mafupi na ya haraka, na mtumbwi uliojaa haupandi juu yake. Kwa hiyo wao wanatembea asubuhi, na mchana wanafunga mtumbwi na kupumzika. Ndiyo maana safari yetu ilichukua siku mbili.

Sijui niwaelezeje uzuri wa njia ile. Upande wa kulia ukuta wa mlima unafuatana na wewe muda wote. Mahali pengine unakaribia kabisa maji, pengine unarudi nyuma na kuacha tambarare ya majani. Tulipopita kwenye hifadhi ya Kabwoya tuliona swala wamesimama wanatutazama. Upande wa kushoto ni maji tu, na mbali kabisa kivuli cha milima ya kwetu. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa inarudi na sangara na ngege, na ndege weupe wakiifuata nyuma. Kila kijiji tuliposimama, nahodha alishusha sabuni, sukari na mafuta ya taa, akachukua samaki wakavu. Hakuna aliyesema "harakisha."

Saa ya kwanza mke wangu alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Saa ya pili alishika mbao ya mtumbwi. Saa ya tatu aliteremsha vidole ndani ya maji, akavitoa haraka, halafu akavirudisha.

Ziwa la majina mengi

Njiani niliwasimulia abiria kidogo juu ya ziwa hili, maana zamani nilikuwa mwalimu. Lina urefu wa kilometa kama 160 na upana wa kilometa 30 na kitu. Si refu kwenda chini kama Tanganyika. Kina chake hakizidi mita 60. Mto Semliki unaingia upande wa kusini, na Nile inaingia na kutoka upande wa kaskazini. Wenyeji wanaliita Mwitanzige, maana yake muuaji wa nzige, kwa sababu makundi ya nzige yalikuwa yanajaribu kulivuka na kuangukia majini. Sisi tuliozaliwa upande wa Kongo zamani tulilijua kwa jina la Ziwa Mobutu, tangu 1973 hadi utawala wake ulipokwisha mwaka 1997.

Jina la Albert lilitoka kwa Mwingereza Samuel Baker, aliyefika ukingoni mwaka 1864 pamoja na mwenzake Florence, ambaye baadaye alimuoa rasmi. Nao walikuwa wawili kama sisi. Walifika wagonjwa wa homa, wamechoka kabisa, wakapata mitumbwi na kufuata ukingo huu huu kwenda kaskazini siku 13 mpaka Magungo, mahali Nile inapoingia ziwani. Abiria mmoja akauliza, "Siku 13 ndani ya mtumbwi na hawakugombana?" Tukacheka wote. Safari hii Mama watoto alicheka pia.

Usiku wa Kaiso

Upepo ulipoanza tulikuwa tumefika Kaiso. Hapo maji yalipopanda mwaka 2020 yalimeza nyumba nyingi, na watu bado wanakuonyesha ndani ya ziwa: "Pale palikuwa kwangu." Tulipata mahali pa kulala kwa mama mmoja anayekausha samaki. Baada ya kula tuliketi mchangani, sisi wawili. Taa za wavuvi zilikuwa zimetapakaa juu ya maji kama mji.

Wapendwa, hapo ndipo nilisema neno nililolificha miaka mingi. Dada yake alipokufa, mimi ndiye niliyekuwa nimempigia simu. Nilimwambia, "Shemeji, rudi, huku kumetulia, tuje tulime pamoja." Yeye alikuwa na mashaka. Mimi nilimsukuma. Kwenye kilio nililia kama wengine, lakini sikusema.

Nilimwambia Mama watoto maneno hayo yote nikiwa natazama chini. Nikangoja anipige au aondoke.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Nilijua, Baba. Dada aliniambia siku ile ile. Alisema, shemeji ameita, nakuja."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme. Nilichoka na kungoja, nikalichukia ziwa. Ziwa halijibu."

Nilimwomba msamaha. Hakusema "nimekusamehe" kama katika mahubiri. Alisema, "Kesho utabeba mifuko yote ya chumvi," akaniegemea begani. Sisi tuliooana miaka mingi tunajua hilo ni neno gani.

Chumvi ya Kibiro

Usiku ilinyesha mvua kidogo, na asubuhi hewa ilikuwa imeoshwa. Milima ya Kongo ilisimama wazi, ya buluu, hata mabonde yake tuliyaona. Mke wangu aliitazama bila kugeuza kichwa. Akanionyesha kwa kidole mahali alipodhani ni kwetu. Mimi nilidhani ni kusini zaidi, lakini nilikubali.

Kibiro ni kijiji cha ajabu. Kuna chemchemi ya maji moto kabisa, na chumvi inatoka kwenye udongo wenyewe. Kazi hiyo ni ya wanawake. Kila mmoja ana kishamba chake cha chumvi, na mama anamwachia binti yake. Wanatandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi, jua linavuta chumvi ipande, wanaukwangua, halafu wanauweka katika chombo chenye matundu na kumwaga maji juu. Maji yanachuruzika yakiwa machungu kwa chumvi, na hayo ndiyo wanayoyachemsha mpaka ibaki chumvi nyeupe. Udongo ule ule wanaurudisha shambani kuutumia tena. Wamefanya hivyo kwa mamia ya miaka.

Mama mmoja mzee alimwonja mke wangu kwa maswali: unatoka wapi, una watoto wangapi, dada zako wako wapi. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akijibu bila kukatika sauti: "Mmoja yuko ndani ya ziwa." Yule mzee akamwongezea chumvi mikono miwili bila bei.

Tuliporudi siku iliyofuata, mtumbwi ulikuwa na watu wengi zaidi pale ukingoni. Nahodha mwingine alikuwa anaita abiria ingawa wake ulikuwa umekwisha kujaa. Mke wangu alisimama mbele ya mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akamwambia, "Dada, huu usipande. Ngoja na sisi." Yule mama alingoja. Akaniambia baadaye, "Si ziwa lililomla dada yangu, Baba. Ni watu waliojaza mtumbwi."

Mwezi uliopita aliwapeleka watoto Sebagoro mwenyewe. Waliingia maji mpaka magotini, yeye akiwa ukingoni anawahesabu.

Neno kwa familia

Ukisafiri kwa maji: ondoka asubuhi, vaa jaketi na mtoto avae la saizi yake, hesabu watu kabla ya kupanda, na mtumbwi ukijaa, shuka hata kama umelipa. Pesa ya nauli inapatikana tena. Beba kadi yako ya familia ndani ya plastiki.

Na nyumbani: kama kuna neno lililofichwa kati yako na mwenzako, tafuteni mahali pa kukaa wawili bila watoto na bila majirani. Si lazima iwe ziwani. Hata njia ya kwenda shambani inatosha, mkitembea polepole.

Chumvi ipo sokoni, meza ya tatu kutoka mashine ya kusaga. Karibuni.