Malale Inapovaa Sura ya Malaria

Malale ni ugonjwa wa vimelea viitwavyo tripanosoma, ambavyo mbung'o humwachia mtu anapomuuma, na ingawa wagonjwa wake nchini Tanzania siku hizi ni wachache mno, uchache huo ndio unaouficha, kwa kuwa tabibu ambaye hajawahi kuuona hana sababu ya kuufikiria anapoketi mbele ya mtu mwenye homa. Mbung'o si wadudu wa nyumba za Ngokolo, katika Manispaa ya Shinyanga. Wapo kwenye mapori ya Kigosi na Moyowosi, jirani na ukanda wa dhahabu wa Geita, ambako huingia warina asali, wapasua mbao na wachimbaji wadogo wanaofuata mwamba mpya.

Wakirudi mjini wakiwa wameambukizwa, baadhi yao huwa na uvimbe wenye maumivu mahali walipoumwa, nao huudhania jipu. Kisha hufuata homa, kuumwa kichwa na maumivu ya viungo, yaani dalili zilezile ambazo dukani kwa muuza dawa huitwa malaria, taifodi au UTI. Hila kubwa ya kimelea hiki ni koti lake la protini: kinga ya mwili inapolizoea, vimelea hupungua na homa hushuka, lakini vichache vilivyokwisha kubadili koti huzaliana na homa hupanda tena. Mgonjwa aliyemeza dawa mseto wakati homa inajishukia yenyewe huamini amepona malaria, na ikirudi huamini amepata nyingine.

Kipimo cha haraka cha malaria, ambacho kimeokoa wengi na hakistahili lawama kwa kazi ambayo hakikutengenezewa, huongeza utata, kwani kile kinachotumika zaidi hutafuta protini ya kimelea cha malaria ambayo huweza kubaki katika damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Tena, katika mkoa wenye malaria nyingi kama Geita, mtu huweza kuwa na magonjwa yote mawili, na jibu la kweli la malaria likakatisha maswali. Tone nene la damu, likitiwa rangi ya Giemsa na kutazamwa kwa hadubini, huweza kumwonyesha mtaalamu wa maabara hata kimelea ambacho hakukitarajia, na katika aina ya malale iliyopo Tanzania, iitwayo rhodesiense, vimelea kwa kawaida huwa vingi katika damu, hivyo kuviona si kazi ngumu. Kazi ni kutazama.

Elimu ya mahali kimelea hiki kinapojificha haikutoka mbali. Huko Tinde, mkoani Shinyanga, kuanzia miaka ya 1930 watafiti waliwaambukiza kondoo vimelea hivyo kupitia mbung'o, mnyama baada ya mnyama, kwa zaidi ya miaka 18, wakivijaribu pia kwa watu walioitwa wa kujitolea (neno ambalo leo lingezua maswali mengi), ili kujua kama kimelea kilichokaa muda mrefu katika mnyama hupoteza uwezo wa kumwambukiza binadamu. Hakikuupoteza. Kwa hiyo hata pale ambapo hajaonekana mgonjwa kwa miaka, pongo au ng'ombe huweza kuwa wamekihifadhi, na swali la mahali mtu alikokuwa wiki zilizopita ni sehemu ya vipimo.

Vimelea vikifika ubongoni, mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku na hubadilika tabia, hata ndugu wakadhani amerogwa. Hapo huchukuliwa maji ya uti wa mgongo, na zikipatikana seli nyeupe zaidi ya 5 katika mikrolita moja, au kimelea chenyewe, hatua ya pili imethibitika. Kwa miongo mingi hatua hiyo ilitibiwa kwa melasoproli, dawa yenye aseniki ambayo yenyewe iliua baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza feksinidazoli, iliyojaribiwa Malawi na Uganda, ambayo ni vidonge vya siku 10 vinavyomezwa pamoja na chakula.